Mpiga Ngoma wa Mseto Jazz

Zamoyoni Sabiti alikuwa fundi redio pale Kambarage, mjini Shinyanga, na fundi redio, kama hujapata kumjua mmoja, ni mtu wa kushuku. Ukimpelekea redio iliyonyamaza hakuulizi imenyamaza lini. Anakutazama wewe kwanza, akijiuliza kama hukuifungua ukaichokonoa kwa kisu cha jikoni, maana wateja walikuwa na tabia hiyo, na wakishaiharibu wanakuja wakiapa kwamba hawajaigusa. Miaka mingi ya kazi ile ilimfanya aone kisu cha jikoni nyuma ya kila uso. Hata salamu alikuwa akiipima kabla ya kuiitikia.

Na tusimwonee, sababu alikuwa nayo. Zamani alipiga gitaa Marobota Jazz, bendi ya kiwanda cha kuchambua pamba. Miaka ile baada ya Azimio la Arusha kila kiwanda na kila chama kilitaka bendi yake. Zamoyoni akatunga wimbo, ukarekodiwa, na siku ya kupigwa hewani akawasha redio zote zilizokuwa mezani ili ausikie vizuri. Mtangazaji akasema mtunzi ni Selestine Nkwabi, kiongozi wa bendi. Selestine aliapa kwamba waliokosea ni watu wa redio. Thubutu! Zamoyoni hakutaka kusikia, akabeba gitaa lake, na tangu hapo wakikutana sokoni mmoja hutazama vitunguu na mwingine hutazama mbingu. Aliyeumwa na nyoka, wahenga walisema, akiona ung'ongo hushtuka.

Ndipo akaunda bendi yake, akaiita Mseto Jazz, na jina lilikuwa la haki kabisa. Mwimbaji alikuwa Bi Mwasiti, mchoma vitumbua, mwenye sauti ya taarabu aliyoirithi kwa shangazi zake wa Tabora, sauti inayopanda, ikifika mahali inasita inakutazama, kisha inashuka taratibu. Kinanda cha kuvuta upepo kilipigwa na Valerian, kijana wa Chato aliyetoka seminari kabla ya kupata upadri. Watu walimwita Frateri, naye hakukasirika. Gitaa la Zamoyoni lilikuwa la rumba. Na ngoma, ngoma zenyewe za mbuga na za mavuno, zilikuwa za Bujiku, mkulima wa pamba na mtama, aliyekuja mjini kwa baiskeli na ngoma amezifunga nyuma kama mbuzi anayepelekwa mnadani.

Mwanzoni watu waliwacheka. Hii nini sasa, waliuliza, taarabu, dansi, au misa? Lakini wakaenda Geita kuwapigia wachimbaji wadogo waliobaki wakichokoa miamba baada ya mgodi wa Wazungu kufungwa, na wale watu wenye vumbi hadi kwenye kope walicheza mpaka viatu vikavuliwa. Kahama ikawa vilevile. Waliporudi Shinyanga, hakuna aliyecheka tena.

Basi ikaja habari kwamba watu wa redio wanakuja kutoka Dar es Salaam na mitambo yao kurekodi bendi za Shinyanga kwenye ukumbi wa mji. Mseto Jazz imo, Marobota Jazz imo. Kila bendi itapewa nafasi mara moja, maana kanda za kurekodia zilikuwa chache na gari lilisubiriwa Mwanza. Kwa Zamoyoni hiyo ilikuwa ndiyo siku. Nchi nzima itausikia wimbo wake, na safari hii utatajwa kwa jina lake. Akaanza kukosa usingizi kwa furaha, na mtu wa namna yake akikosa usingizi huanza kuwaza watu.

Na aliyemuwaza ni Bujiku.

Bujiku alikuwa amebadilika. Huyu ni mtu aliyekuwa akifika mazoezini anatoa salamu ya Kisukuma kwa kelele tangu njiani, "Mwangaluka, jamani!" na kukamata kila mkono anaoukuta, wa mwanabendi, wa mteja, hata wa mtoto mgongoni. Ghafla akawa hashiki mkono wa mtu. Anasalimu kwa mbali, anakaa karibu na mlango, ngoma ameziweka mbele yake kama boma. Chakula, ambacho Bi Mwasiti alikileta kwenye sinia moja ili wote wale, hakigusi. Anatoa kibuyu chake, anakunywa peke yake, anageukia ukutani.

"Bujiku, wali wangu umeingia mchanga?" Bi Mwasiti akamuuliza.

"Hapana, dada. Wali wako mzuri. Nimeshiba tu."

"Umeshiba wiki nzima?"

Akacheka kidogo, akageukia tena kibuyu chake. Na Zamoyoni, kwenye kona yake, akalitia hilo moyoni. Asiyekula nawe ana lake jambo, ndivyo alivyolelewa kuamini. Mtu anayekataa sinia anajua kilichomo kwenye sinia, au anajua kilichomo moyoni mwake.

Ajabu ni kwamba katika siku zilezile Bujiku alileta mdundo mpya. Mola wangu, mdundo gani ule! Ulikuwa kama watu wawili wanabishana na wote wana haki. Mkono wa kulia unasema, wa kushoto unakatiza, kisha yote miwili inacheka pamoja. Valerian aliposikia aliacha kinanda akasimama. Wakauweka kwenye wimbo mkubwa waliokusudia kuurekodi, "Kambarage Hakuna Mgeni," na katikati wakatengeneza mahali ambapo Bi Mwasiti ananyamaza, gitaa linanyamaza, kinanda kinanyamaza, ngoma ya Bujiku inasema peke yake, ndipo wote wanarudi.

"Mdundo huu umeutoa wapi?" Zamoyoni akamuuliza.

Bujiku akatazama chini. "Nimeuokota tu, fundi."

Kuokota! Hivi mdundo ni embe? Zamoyoni hakulala siku hiyo.

Keshoye akapita sokoni kununua betri, akakutana na Mageni, muuza dagaa, mwanamke ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. Mageni akamvuta pembeni.

"Fundi, mpiga ngoma wenu mmemuuza?"

"Kwa nini?"

"Nimemwona anaingia kwa Selestine Nkwabi. Ana kuku weupe wawili kwapani, anatembea kama bwana harusi. Nikasema, makubwa! Kumbe watu wamehama?"

Betri alizisahau. Alirudi dukani, akakaa mbele ya redio iliyofumuliwa, asiione. Kuku wawili kwa Selestine. Kwa mtu aliyemnyang'anya wimbo. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na akairudia methali ile mpaka ikawa ushahidi.

Jioni alimkabili Bujiku mbele ya wote. Hakuzunguka.

"Ulikwenda kwa Selestine kufanya nini?"

Bujiku alishtuka, na kushtuka kule kulimwumiza Zamoyoni kuliko jibu lolote. "Nina shida ya nyumbani, fundi. Itakwisha Jumamosi. Ikiisha nitawaambia."

"Shida gani inayotibiwa na Selestine?"

"Siwezi kuitaja kwa kinywa changu. Nivumilie."

"Fundi, mwache," alisema Valerian. "Mtu ana mambo yake."

"Frateri, wewe ungamisha watu kanisani. Hapa ni bendi," Zamoyoni akasema. Walifanya mazoezi siku ile kama watu wanaopanga kuni.

Jumamosi ikafika. Zamoyoni alijidai anampelekea mteja redio, akakata mitaa hadi upande wa kiwandani, akasimama nje ya uzio wa minyaa unaozunguka ua wa Selestine. Mchana kweupe, jua la utosi, mtu mzima amejibanza kwenye minyaa kama mwizi wa kuku. Aibu hakuiona. Alichokiona, kupitia upenyo, kilikuwa migongo ya watu, wanaume kwa wanawake, na alichokisikia kilimkata maini.

Alisikia mdundo ule. Uleule! Mkono wa kulia unasema, wa kushoto unakatiza. Ilikuwa ngoma ya Bujiku, hakuna mtu mwingine aliyekuwa na mkono ule, na ngoma ya pili ilikuwa ikimfuata, inajifunza. Kicheko cha Selestine kilipanda juu ya vyote. Kisha wakaanza kuimba kwa Kisukuma, na ingawa Kisukuma cha Zamoyoni kilikuwa cha kununulia maziwa, matusi aliyajua, maana matusi ndiyo mtu hujifunza kwanza katika lugha ya jirani. Yalikuwa matusi, ashakum, ya nguoni kabisa. Wanawake wazima wanayaimba, wazee wanaitikia, watu wanaangua kicheko.

Wananitukana mimi, akasema moyoni. Wanafundishana mdundo wangu na wananitukana juu yake. Damu ilimpanda mpaka masikio yakaziba. Angeingia, angeuliza swali moja tu, hadithi hii isingekuwepo. Lakini mtu aliyekwisha kupata jibu haulizi. Akageuka, akarudi nyumbani na redio ya mteja wa uongo kwapani.

Keshoye, Jumapili asubuhi, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya kurekodi, Bujiku alifika dukani. Alikuja na kelele zake za zamani tangu njiani. Alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe, na usoni alikuwa na alama za unga mweupe ambazo hakuzifuta vizuri. Nyuma ya baiskeli hakufunga ngoma. Alifunga vikapu viwili. Ndani mlikuwa na bakuli mbili za michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, na vibuyu viwili vya maziwa ya mgando.

"Mwangaluka, fundi! Leo tunakula wote!" akasema, na kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi akanyoosha mkono.

Zamoyoni aliutazama mkono ule, hakuushika.

"Leo ndiyo unataka kula nami? Jana umekula kwa nani?"

"Fundi, acha nikwambie..."

"Nimekusikia kwa masikio yangu, Bujiku. Nilikuwa kwenye uzio. Nimesikia mdundo, nimesikia matusi, nimemsikia Selestine anacheka. Umeniuza kwa kuku wawili, sasa unaniletea mabaki ya karamu?"

"Si mabaki. Sikiliza kwanza..."

"Na kila kitu viwili viwili! Kimoja changu na kimoja cha nini? Cha kunizika?" Akachukua bakuli moja akaimwaga pale mlangoni, akachukua na ya pili akaimwaga. Kuku wa mtaa walikuja mbio. "Ondoka. Usikanyage tena hapa. Hata kesho usije."

Wapita njia walisimama. Bujiku alibaki anautazama mchanga ule wenye michembe. Hakutukana, hakulia. Aliokota bakuli zake, akazifuta kwa shati jeupe, akazirudisha vikapuni. Alipanda baiskeli akaenda zake polepole.

Zamoyoni aliingia ndani akasikia nafuu, ile nafuu ya mtu aliyetoa mwiba. Haikudumu hata mchana kugeuka, lakini aliishikilia. Bi Mwasiti alipopata habari alikuja amefunga kibwebwe.

"Kesho tunarekodi na nani?"

"Tutapiga bila ngoma. Wimbo ni wangu."

"Wimbo ni wako, eti? Sawa, baba. Na kichwa ni chako pia, kigonge ukutani tusikie kama kinalia kama ngoma." Akatoka.

Siku ya siku, ukumbi wa mji ulijaa mpaka madirishani. Watu wa redio walikuwa wamepanga nyaya zao na vipaza sauti, wanafuta jasho, wanatazama saa. Marobota walitangulia, wakapiga dansi lao safi lililonyooka, na kwa masikio yake ya fundi Zamoyoni alisubiri kuusikia mdundo ule ndani yake. Haukuwamo. Hakuna hata wimbo mmoja uliokuwa nao. Wanauficha, akawaza, wanaungojea wakati wake. Ona jinsi shaka inavyojilisha yenyewe!

Akainua macho, akamwona Bujiku. Alikuwa amesimama mlango wa pembeni, upande walikokaa watu wa Marobota, na ngoma zake zikiwa miguuni. Naam, Zamoyoni akajiambia, amekuja na wenzake. Akageuza uso.

"Mseto Jazz!" mtu wa redio akaita. "Mara moja tu, jamani. Msikosee."

Walipiga. Gitaa lilikuwa safi, kinanda kilitulia, na Bi Mwasiti, pamoja na hasira zake, aliimba hata wazee wakainamisha vichwa. Walipofika katikati, pale mahali pa ngoma, Bi Mwasiti akanyamaza. Ulimi wake ulikuwa umezoea. Zamoyoni naye vidole vikasimama vyenyewe, na Valerian akaacha vitufe. Ukumbi mzima ukawa kimya. Hakuna aliyeingia. Kanda ilikuwa inazunguka, kimya kinaingia ndani yake. Zamoyoni alitaka kupiga kitu chochote, mkono ukakataa. Kule mlangoni Bujiku alikuwa ameinua viganja juu ya ngoma, viko hewani, havishuki, maana aliambiwa asije. Kisha Bi Mwasiti akavuta pumzi, akarudi kwenye wimbo, na wengine wakamfuata hadi mwisho.

Walipokuwa wakikunja nyaya, Selestine Nkwabi alimjia Zamoyoni. Hawakuwa wamesemezana miaka, na mwanzo wake ulikuwa wa shida.

"Shikamoo haifai kati yetu, kwa hiyo habari tu. Mbona mpiga ngoma wako hukumpigisha? Tumehangaika naye Jumamosi yote ili leo awe huru."

"Huru na nini?"

Selestine akamtazama kama anayetazama mgeni wa nchi. "Hukuambiwa? Mkewe Euphrasia amezaa mapacha. Kwetu mtu akizaa wawili hasemi kwa kinywa chake, hashiki mkono wa mtu, hali chombo kimoja na watu mpaka aoshwe, asije akawadhuru. Na wa kumwosha ni sisi tuliozaa mapacha kabla yake. Mimi na mke wangu ndio wakubwa wa kazi hiyo upande huu. Tukamwimbia nyimbo za mapacha."

"Zile za matusi," Zamoyoni akasema, na sauti yake haikuwa yake.

"Lazima yawe matusi, bwana! Mapacha hawapokelewi kwa adabu. Na mdundo wake kila mzazi wa mapacha anaujua. Nilishangaa aliposema anaupiga kwenye dansi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia, wewe na huyo fundi wako mtatuua!" Akashusha sauti. "Akasema atakuletea wewe wa kwanza chakula cha watoto. Alikuletea?"

Zamoyoni alitoka mbio kwa mlango wa pembeni. Bujiku alikuwa anafunga ngoma kwenye baiskeli, fundo la mwisho.

"Bujiku! Bujiku, ndugu yangu, sikujua. Wallahi sikujua. Watu wa redio hawajaondoka. Nitawaangukia miguu, turudie, tupige na ngoma."

Bujiku alikaza fundo lake kwanza. Alipogeuka, uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Zamoyoni.

"Nimekuja leo nikasimama pale, nikasema labda ataniita," alisema. "Mdundo si wangu, ni wa kila aliyezaa wawili. Ningekupigia bure. Lakini ulimwaga chakula cha wanangu, kuku wakala. Kwetu aliyekataa chakula cha mapacha amewakataa watoto. Jana nilipofika nyumbani mama yao aliniuliza, wenzako wa mjini wamekula? Nikamwambia wamekula wakashiba, na fundi ameomba tena. Sijawahi kumdanganya yule mwanamke. Sasa nikikaa nawe kila siku, fundi, uongo ule nitaubeba mpaka lini?"

"Niende nikamwombe radhi mwenyewe."

"Ukienda utamwambia ulichofanya. Mwache anyonyeshe kwa raha."

Akapanda baiskeli. Zamoyoni alimsindikiza kwa macho mpaka barabara ya vumbi ikamficha, na watu wa redio wakapakia mitambo yao wakaondoka.

Wimbo ulipigwa hewani msimu wa pamba, na jina la mtunzi lilitajwa sawasawa: Zamoyoni Sabiti wa Mseto Jazz, Shinyanga. Ukapendwa nchi nzima. Watu wa Dar waliandika kuuomba kila juma. Na walichokipenda zaidi, jamani ukistaajabu ya Musa, ni kile kimya cha katikati. Bendi nyingine zikaanza kukiiga. Watu walikuwa wakifika mahali pale kwenye baa wanasimama na glasi mkononi, wanangoja, Bi Mwasiti anarudi, wanapiga makofi.

Siku moja dereva wa lori la Kahama aliingia dukani na redio mbovu. Nyingine mezani ilikuwa ikiupiga wimbo ule. Dereva akaufuatisha kwa mluzi, na ulipofika pale katikati akanyamaza naye, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa raha.

"Fundi," alisema wimbo uliporudi, "hapo mlifanya maarifa makubwa. Mahali patupu kabisa!"

Zamoyoni alikuwa ameinamia waya. Hakuinua kichwa.

"Si patupu," akasema. "Hapo pana mtu."